Gari Lililonyamaza Mbumbuni

Gari lilikuja kwa meli kutoka Dubai likiwa na sauti yake ndani, na Sultan Hamud nzima ilijua hivyo. Siku Mama Gathoni alipolileta, mwaka wa tisini na nne, alilisimamisha mbele ya duka lake la dawa za mifugo, akafinya kidude cheusi kilichoning'inia kwenye ufunguo, kisha akamwambia karani wa duka la jirani ajaribu kuvuta mlango. Karani akavuta. Gari lilipiga makelele mpaka mbuzi waliofungwa kwenye nguzo ya simu wakakata kamba na kukimbilia relini. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo hakuna aliyeliita kwa jina la kiwanda. Waliliita Mtoto, kwa kuwa ukiligusa linalia.

Dereva wa Mtoto alikuwa Nzuki, mzaliwa wa Mbumbuni, mtu wa miaka hamsini na moja, aliyepeleka dawa za duka kuuza huko kila siku ya soko. Alikuwa ameendesha malori ya chumvi, mabasi ya Kitui, hata tingatinga la kuchonga barabara kule Mutomo, na katika miaka ishirini na sita hakuna tajiri aliyewahi kumwuliza bisibisi imekwenda wapi. Ndiyo maana Jumatatu ile, Mama Gathoni alipoweka kiganja juu ya kaunta na kumtazama bila kupepesa, Nzuki alijua leo ataulizwa.

"Katoni ya tatu ya dawa imepotea Mbumbuni, Baba Mutindi."

"Ya tatu, Mama Gathoni. Hata mimi nashangaa kama wewe."

"Mimi sishangai. Mimi nafikiri. Gari lililia?"

"Halikulia."

"Kioo kilivunjwa?"

"Hakikuvunjwa."

"Basi aliyefungua alikuwa na ufunguo. Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, na mimi sijakanyaga Mbumbuni tangu Krismasi."

Duka lilikuwa limejaa. Wafugaji wawili walikuwa wamekuja kutafuta dawa ya minyoo, mke wa mchungaji alikuwa akichagua sindano ya kuku, na Kilonzo mwenye lori la mchanga alikuwa ameegemea mlango akitafuna muwa. Wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Kilonzo aliacha hata kutafuna.

Mama Gathoni hakuwa mtu mbaya. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Wariara. Alikuja na mumewe kutoka Murang'a zamani, mume akafa, akabaki akishika duka peke yake na akijifunza Kikamba cha sokoni. Mke wa Nzuki alipougua, yeye ndiye aliyetoa gari bila kuombwa. Labda hilo ndilo lililomchoma zaidi, kufikiri kwamba mtu aliyemtendea hivyo anamgeuka.

"Nakupa siku moja tu ya soko," akasema. "Katoni zikirudi, sitauliza zilikuwa wapi. Zisiporudi, utaacha ufunguo hapa. Na mtu akija kuniuliza habari zako, nitamwambia nilichokiona."

Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Kwenye miji ya barabara ya Mombasa, mwenye gari hamwajiri dereva kabla ya kumwuliza mwenye gari mwingine. Nzuki akishatajwa mwizi kwenye kaunta ile, hata punda hangepewa aendeshe.

Alitoka nje akalizunguka gari. Vumbi jekundu la njia ya Mbumbuni lilikuwa limefunika vioo vyote, ungeweza kuandika barua juu yake. Vyote isipokuwa kimoja. Kile kioo kidogo cha pembe tatu, nyuma kabisa upande wa kushoto, kilikuwa safi. Nzuki aliinama. Kwenye ukingo wa mpira palikuwa na kitu cheupe kilichokauka. Akakikwangua kwa ukucha, akakinusa. Sabuni ya mche.

Akakumbuka gereji ya mabasi. Fundi akitaka kuingiza kioo huupaka mpira sabuni ili kiteleze. Na kinachoingia kwa sabuni hutoka kwa sabuni, mtu akapenyeza mkono, akachukua anachotaka, akarudisha kioo mahali pake kama hakuna kilichotokea. Lakini je, alamu, ile sauti ya gari? Akafungua boneti, na kwa mara ya kwanza tangu apewe gari lile akafuata nyaya za alamu kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka akainua na kapeti. Waya mmoja ulikwenda kwa kila mlango. Mwingine ulikwenda kwenye boneti, mwingine kwenye buti. Kwenye vioo hakuna hata mmoja. Waliolitengeneza walilifundisha kulinda milango, basi. Halikujua hata kama lina vioo.

Alimwita Mama Gathoni, akamwonyesha. Naye akatazama kile kioo safi, akatazama ile sabuni kwenye ukucha.

"Na anayeosha gari hili ni nani, Baba Mutindi? Si ni wewe?"

Watu wakacheka. Nzuki akafunga boneti.

Kesho yake alikwenda Mbumbuni kwa matatu, akaenda moja kwa moja kwa Kalondu. Huyu alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake, Mbula, aliyemlea Nzuki hata akamwita Susu, yaani bibi, na aliyeuza kamba na nyuzi za katani kando ya ukuta wa kinu cha posho. Kila siku ya soko Nzuki aliegesha Mtoto hatua kumi kutoka kwenye mkeka wake. Kalondu alifanya kazi kama walivyofanya mama zake. Alifunga ncha ya uzi kwenye kidole gumba cha mguu, akaunyoosha mguu, akasokota katani juu ya paja huku uzi umekazika. Mkeka wake ulizungukwa na nyuzi kila upande, nyingine zikitambaa mpaka barabarani, na watu walishazoea kuziruka.

"Susu, soko lililopita hukuona mtu karibu na gari langu?"

"Niliona watu mia. Niliona na fundi wako."

"Fundi gani?"

"Yule wa ovaroli ya buluu. Alipiga magoti pale nyuma akitengeneza. Nikasema, kumbe mtoto wa Mbula amekuwa mtu mkubwa, siku hizi fundi anamfuata mpaka sokoni!"

"Susu, mimi sina fundi."

Mkono wa Kalondu ukasimama juu ya paja. "Aiya! Na nilimwazima kitambaa apanguse sabuni!"

"Kwa nini hukumwuliza?"

"Nimwulize nini? Gari halikulia. Kila mtu hapa anajua Mtoto akishikwa na mgeni analia. Asipolia, si anamjua aliyemshika?"

Nzuki akakaa chini kwenye vumbi. Soko zima lilimwona mwizi akifanya kazi, mchana, jua utosini, na soko zima lilimpisha kwa heshima kwa sababu gari lilinyamaza. Na Mama Gathoni hangekubali ushahidi wa bibi aliyemlea. Angesema wamepanga.

Kalondu alikuwa akifikiri. "Hizo katoni zako umezifungaje?"

"Ni ndogo kama matofali. Nimezifunga kwa kamba, na kitanzi juu cha kubebea."

"Kitanzi," akasema Kalondu, akatabasamu kwa meno yake manne. "Unajua fundo la mbuzi mkaidi? Lile ambalo kadiri anavyovuta ndivyo linavyobana?"

Siku ya soko Nzuki alifika dukani kabla ya jua kuchomoza vizuri. "Mama Gathoni, panda twende wote. Beba na ufunguo wako. Tukifika, wangu pia nitakupa. Utafunga gari wewe mwenyewe. Kitu kikipotea funguo zote mbili zikiwa mkobani mwako, hapo utaniambia nani amefungua."

Mama Gathoni alifunga droo ya pesa. Kisha akachukua mkoba.

Walifika Mbumbuni wauzaji wa kwanza wakiwa bado wanatandika magunia. Nzuki aling'oa kizibo cha mpira kwenye sakafu ya gari, kile cha kutolea maji, akapitisha hapo uzi mwembamba wa Kalondu, wenye nguvu kama waya. Ncha moja ilifungwa fundo la mbuzi mkaidi, ikawa kitanzi cha katoni iliyowekwa nyuma, karibu na kile kioo kidogo. Ncha ya pili ilitambaa chini ya gari, ikaingia katikati ya nyuzi nyingine za mkekani, ikaishia kwenye kidole gumba cha Kalondu.

Mama Gathoni alitazama mambo haya kwa mikono kiunoni. "Alamu ya Dubai imeshindwa, halafu uzi wa katani uweze?"

"Mwaitu, mama," Kalondu akamjibu bila kuinua kichwa, "huyo wa Dubai umewahi kumwona akishika mbuzi?"

Mama Gathoni akafunga milango, akafinya kidude, akatia funguo zote mbili mkobani. Kisha akajitanda leso na kuingia ndani ya kinu, akajibanza kati ya wanawake waliongojea unga. Soko lilipojaa, Nzuki alijitwika mfuko wa dawa, akapita katikati ya watu akisalimia kwa sauti kubwa ili kila mwenye masikio ajue anakwenda kwa wateja wake upande wa pili. Akazungukia nyuma ya kinu, akaingia kwa mlango wa magunia, akasimama kando ya Mama Gathoni. Wakachungulia kwenye ufa wa mabati.

Upande wa kushoto wa gari hawakuuona, gari lenyewe lilikuwa limeuziba. Walichoona ni Kalondu tu, mguu wake umenyooka, na kidole. Nzuki alijikuta ameweka maisha yake yote kwenye kidole gumba cha ajuza, chenye ufa na ukucha mweusi. Kinu kilinguruma. Unga uliwajaa kwenye kope. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita.

"Baba Mutindi," Mama Gathoni akamwambia sikioni, "na asipokuja?"

Nzuki alipangusa unga kwenye ufa.

Karibu saa tano, kidole kikacheza.

Kalondu hakupiga kelele. Aliuangalia mguu wake kama mtu aliyeumwa na siafu. Uzi ukalegea, ukacheza tena, halafu ukavutwa kwa nguvu mpaka mguu wote ukainuka. Hapo akaushika uzi kwa mikono miwili, akauzungusha kiganjani, akajitupa nyuma na mgongo wake wote.

"Ndululu! Muthoki! Njooni mvute, nimeshika!"

Wauza ndizi wawili walirukia uzi bila kuuliza umeshika nini. Nzuki alitoka kinuni mbio, Mama Gathoni nyuma yake, leso imeanguka. Wakazunguka gari.

Mwanamume wa ovaroli ya buluu alikuwa amebanwa shavu kwenye bodi ya gari, mkono wake wa kulia umezama mpaka begani ndani ya tundu la kile kioo kidogo. Kioo chenyewe kilikuwa kimelazwa vizuri chini, juu ya kitambaa, kando ya kipande cha sabuni. Kila alipojaribu kutoa mkono, kitanzi kilimbana kiganja, na wanawake watatu wakazidi kumvuta kuelekea sakafuni. Gari lilikuwa kimya kabisa. Aliyelia alikuwa yeye.

"Nimekufa! Mnanikata mkono! Fungueni!"

"Tufungue kwa nini?" Kalondu akamjibu kutoka upande wa pili. "Na kitambaa changu nikupe tena?"

Soko zima likamiminika. Mama Gathoni alisimama katikati, mkoba kifuani, akautia mkono ndani akazitoa funguo zote mbili. Akazitazama. Akaitazama ile milango minne iliyofungwa, na mkono wa mtu uliokuwa ndani, na gari lililonyamaza kama limelala.

"Mama Gathoni," akasema Nzuki, "mfungulie mtu mlango."

Kwa haraka akakosea, akatia ufunguo mlangoni bila kufinya kidude kwanza, akavuta. Mtoto akalia! Akalia kwa nguvu zake zote, kama anayechinjwa, na Mbumbuni yote ikaanguka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mzee mmoja alikaa juu ya viazi vyake mwenyewe.

"Sasa ndiyo umeamka?" Muthoki akaliuliza gari.

Wengine hawakucheka. Mawe yalikuwa yameanza kuokotwa. Nzuki aliona, akapanda juu ya bampa la nyuma na kunyoosha mikono. "Hakuna kumgusa! Mkimwua, nani atasema zile tatu zilikwenda wapi? Huyu namtaka akiwa na mdomo." Akakaa hivyo hivyo mbele ya yule mtu mpaka askari wa chifu wakaja. Na mdomo ulifanya kazi. Kabla ya saa nane katoni mbili zilikuwa zimetolewa chini ya kitanda chake, na ya tatu akamtaja aliyemwuzia.

Mama Gathoni akamnyooshea Nzuki ufunguo. "Baba Mutindi, nimekukosea. Nisamehe."

Nzuki hakuupokea. "Nimesikia, Mama Gathoni, na moyo wangu umepoa. Lakini lile neno hukulisemea hapa. Ulilisemea dukani."

Mama Gathoni akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei ya haki. "Panda, basi. Na huyu mama apande mbele."

Ndivyo Kalondu alivyoingia Sultan Hamud jioni hiyo, kwenye kiti cha mbele, uzi kidoleni, akisokota. Mama Gathoni hakungoja hata gari lizimwe. Alisimama kwenye ngazi ya duka na kumwita Kilonzo aliyekuwa akipima mafuta ya lori, akamwita mke wa mchungaji kutoka dukani mwao, akawaita wenye hoteli na wauza maji.

"Jumatatu nilisema hapa kwamba Nzuki ni mwizi. Nilisema uongo. Niliamini alamu, nikaacha kumwamini mtu. Anayetaka dereva katika mji huu asije kuniuliza habari za huyu, kwa sababu simwachi aende!"

Kilonzo alipiga mluzi. "Hata mimi nikimtaka?"

"Wewe tafuta wako!"

Nzuki akaupokea ufunguo, mbele ya watu wote, kwa mikono miwili. Kisha akapanda, akazungusha usukani, akapita katikati ya mji akipiga honi kutoka relini mpaka kwenye lami na kurudi, dirisha wazi. Kando yake Kalondu alikuwa amenyoosha mguu juu ya dashibodi, akimpungia kila aliyesimama kutazama.