Upara wa Alhamisi

Msusi hakuwa mtu wa majina. Ungemtajia jina lako asubuhi, mchana limeshamtoka. Lakini kichwa akikishika mara moja hakisahau mpaka kufa: anajua kipi kina kovu nyuma ya sikio, kipi kinaanza kulia hata kitana hakijakigusa. Kwa hiyo daftari lake la miadi, lililokaa kando ya mashine ya kukaushia nywele kwa miaka kumi na mmoja, halikuwa na Bi fulani wala Mama fulani. Lilikuwa na Analia Akichanwa, Jumanne saa tano. Nywele za Kuazima, Jumamosi, aje na zake. Mba Sugu, Alhamisi saa nne. Na kila baada ya wiki mbili, Alhamisi saa tisa: Upara, mlango wa nyuma.

Huyo wa mwisho alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke ambaye akikohoa tu, mabinti mia tano wananyamaza. Nywele za utosini zilimtoka baada ya uzazi wa mwisho na hazikurudi tena. Hata mumewe alimjua kwa wigi nje na kilemba ndani. Msusi alikuwa akimfungulia mlango wa nyuma, anashusha pazia, anamrekebishia wigi, kisha wanakunywa chai na kuwacheka watu. Siri hiyo msusi hakumwambia mtu yeyote, na alijivunia jambo hilo kuliko ususi wenyewe.

Basi akaja shemeji. Huyu, mdogo wa mume wa msusi, alikuwa mtu mzima na tai yake, aliyehudhuria semina ya siku mbili akarudi na cheti. Tangu hapo kila kitu kwake kilikuwa mfumo. Chai ikichelewa, tatizo ni mfumo. Mvua ikinyesha, nayo ilikuwa na lake la kujifunza kwenye mfumo.

"Shemeji, mpaka leo unaandika miadi kwa kalamu?" alimuuliza, kwa huruma ya mtu aliyemkuta mwenzake anasaga unga kwa jiwe. "Nitakuwekea programu, niiunganishe na kurasa zako za mitandaoni. Mteja saa yake ikikaribia, mfumo unamtangaza wenyewe, pamoja na picha kutoka kwenye ukurasa wake. Wewe unasuka tu. Hugusi kitu."

Hayo ya kutogusa kitu ndiyo yaliyomshinda msusi, maana mikono yake ilikuwa imejaa mafuta. Akampa daftari. Shemeji akanakili neno kwa neno, pamoja na namba za simu. Hakuuliza chochote. Aliona Mba Sugu akadhani ni jina la mtandaoni. Siku hizi watu wanajiita mambo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji alikuwa amenyoa.

Mfumo ulianza kazi Alhamisi asubuhi. Saa nne kasorobo mlango ukafunguliwa kwa teke.

"Dada, hii ni nini?" Mteja wa saa nne alimsogezea msusi simu mpaka puani. Palikuwa na picha yake akitabasamu, na chini yake: Leo saa nne tunampokea mpendwa wetu MBA SUGU! Karibu sana, jisikie nyumbani!

"Mkwe wangu ameweka alama ya moyo," alisema. "Mkwe wangu!"

Msusi akaomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Lakini mdomo ukiwa bado unaomba, moyo ulikuwa umeshafika saa tisa. Akampigia shemeji, naye akafika na kompyuta kwapani na uso wa daktari.

"Zima."

"Hauzimwi hivi hivi, shemeji. Neno la siri la kuzimia nililiandika mahali." Akajipapasa mifuko yote, hata ya shati. "Lakini tulia. Huyo wa saa tisa tunamfuta kwenye orodha. Asipokuwepo, hatangazwi."

"Una hakika?"

"Shemeji, nina cheti."

Akabonyeza. Simu ya msusi ikalia. Picha ilikuwa ya mwalimu mkuu jukwaani siku ya mahafali, wigi limemkaa vizuri. Tumesikitika! Mpendwa wetu UPARA ameghairi leo. Nafasi ya saa tisa iko wazi, mlango wa nyuma. Nani anaiwahi?

Bwana wa cheti alikuwa amesahau kwamba kughairi nako alikutengenezea tangazo lake. Kufika saa sita, watu mia nne walikuwa wamecheka, na wengi wao kwenye picha zao walivaa sare ya shule. Watatu walikuwa wanagombea nafasi.

"Umeona?" shemeji alisema, macho yanang'aa kwa furaha ya kweli. "Mfumo unafanya kazi!"

Msusi alimrushia kitana. Kilimpata.

Saa tisa kamili mwalimu mkuu aliingia, kwa mlango wa mbele, kichwa wazi. Wigi alilishika mkononi. Wateja wanne wakanyamaza kama mabinti wa shule.

"Mwalimu, ni mashine," msusi alianza. "Naapa. Ni huyu shemeji yangu na mashine yake. Mimi sijawahi kumwambia mtu..."

"Najua. Mabinti watacheka wiki moja, kisha watapata kingine. Mume wangu nimemwonyesha mwenyewe mchana huu, akasema kumbe ni hicho tu." Alimtazama kwa kupitia kioo. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Mashine haikijui kichwa changu. Hilo jina nilipewa na nani?"

Macho ya msusi yakakimbilia kando ya mashine ya kukaushia.

"Naomba daftari," mwalimu alisema.

Akafunua kurasa taratibu, miaka kumi na mmoja ya Alhamisi. Upara. Upara. Upara, nisisahau sukari yake. Hapo akaacha kufunua.

"Mimi nakuita ndugu yangu," alisema. "Hata nyumbani, usipokuwepo, nakuita hivyo."

Akafunga daftari, akaliwekea wigi juu, akaelekea mlangoni. Msusi alimkimbilia ili amwite kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake. Akafungua mdomo. Jina halikuja. Alilitafuta huku mwenzake anavuka kizingiti, halikuja, mwisho akaita "Mwalimu!" kama wanavyomwita watu wote mtaani, na mwalimu hakugeuka.