Hodi kwenye Anwani Mpya

Hoteli ilipobadilisha jina, anwani zake zote za barua pepe hazikuwa na budi kubadilika nalo, na meneja Justus akataka kuleta mafundi kutoka Nairobi. Kadzo, fundi wa kompyuta wa hoteli, akasimama mkutanoni: "Wa nini? Nitazihamisha mimi." Haya, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Zikipotea barua za wageni wa Krismasi, na kazi yake imepotea, na Justus hakumficha.

"Hii kitu ikianguka, Kadzo, ni mimi na wewe. But wewe kwanza."

Jumamosi akazihamisha. Mapokezi wakaandikia jikoni, jikoni wakajibu, watu wakapiga vifijo. Kadzo hakucheka. Hao wote wako ndani, na mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Mgeni wa ng'ambo anaijua anwani ya zamani tu. Akiandika huko, barua itafika huku?

Akampigia mamake, Kanze, anayeuza mahamri Kona ya Musa, mlango wa pili kutoka saiba, duka la intaneti.

"Shikamoo mama. Waache wateja kidogo, uniandikie barua kwa ile anwani ya zamani ya hoteli."

"Marahaba. Mahamri yakiungua utayala wewe."

Punde simu ikalia. "Yarudi, mwanangu. Yasema hakuna mtu hapo."

Lahaula! Justus alikuwa amesikia, na tayari anatafuta namba za Nairobi.

"Weka simu chini, bosi," Kadzo akasema, akaishangaa sauti yake mwenyewe.

Akapitia mipangilio yote mpaka akaliona kosa: alikuwa ameifunga anwani ya zamani bila kuielekeza kwenye mpya. Ukihama nyumba bila kumwachia jirani neno, wageni watakupata wapi? Aliona haya, akaifungua, akairekebisha.

"Mama, tuma tena."

Kompyuta ya Justus ikalia. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, wote wasikie:

"Hodi hapo hotelini. Mimi ni Kanze, muuza mahamri. Mkiiona barua hii, jueni aliyeifikisha ni mwanangu. Nimemzaa mimi."

Kadzo alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Justus akajibu kwa anwani mpya: "Karibu mama. Tumemwona."

Kadzo hakungoja kupigiwa simu. Alijua saa hiyo Kona ya Musa nzima inasomewa jibu hilo na mamake.