Chumvi Niliyoongeza

Wewe mwenye mtoto anayeharisha, soma haya kabla hujashika kijiko. Mimi nimeishia darasa la saba. Siandiki kwa sababu najua sana, naandika kwa sababu nilidhani najua.

Naitwa Mai Vimbiso, yaani mama yake Vimbiso, wa Buhera, jirani na josho la ng'ombe. Mume wangu yuko migodini Shurugwi, na mimi kazi yangu ni chimukuyu, nyama ya kukausha. Naikata vipande virefu kama mikanda, naipaka chumvi, naianika kwenye kamba chini ya wavu. Mwaka wa kumi na nne huu. Chumvi naijua kwa mikono. Ukiipaka kwenye nyama mbichi, nusu saa haiishi maji yanaanza kudondoka, na beseni la chini linajaa wekundu. Siku ya tatu nyama imekauka, imekuwa ngumu, haiozi tena. Hiyo ndiyo chumvi niliyoijua mimi.

Binti yangu Vimbiso alikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Shule iko ng'ambo ya mto, kwa hiyo siku za masomo alikaa kwa tete wake, dada ya baba yake, akarudi nyumbani kila Ijumaa. Mdogo wake Mufaro alikuwa na miezi kumi na moja. Mnene, mikono ina vishimo, na kila akiona bakuli la uji anapiga makofi kama mtu aliyeletewa wageni.

Jumamosi moja ya Januari nilikuta vipande vya viazi vyangu vinaelea kwenye vikombe viwili vya bati.

"Vimbiso! Hivi viazi au samaki? Unawafuga?"

"Ni kazi ya bayolojia, mai. Usiviguse."

"Viazi vya jioni unavifanyia bayolojia. Jioni tutatafuna nini, daftari?"

Akacheka. "Njoo basi uone. Kikombe hiki maji matupu, hiki maji ya chumvi. Shika cha maji matupu."

Nikakishika. Kigumu, nilipokikunja kikakatika. Akanipa cha chumvi. Kile kililegea, kikajilaza kidoleni mwangu kama sikio la mbuzi.

"Kiazi kimejengwa kwa seli, mai. Vyumba vidogo mno, macho hayavioni. Kila chumba kina maji ndani na ukuta mwembamba, kama ule utando wa ndani ya ganda la yai. Maji yanaupita, chumvi haiupiti kirahisi. Na penye chumvi nyingi ndipo maji yanapokimbilia. Sasa chumvi ikijaa nje, maji yanatoka na chumba kinanywea."

"Hilo tu? Kumbe nimekupeleka shule ukajifunze chimukuyu! Mwambie mwalimu wako aje hapa, nitamfundisha bure."

"Ngoja sehemu ya pili, mai. Sisi nasi..."

Nikaona inzi wameingia chini ya wavu. "Sehemu ya pili utaniambia nyama ikishageuzwa. Nenda kageuze."

Akaenda. Jioni tukavila viazi vyenyewe, hata vile vilivyolegea, huku nikimtania Vimbiso kuwa bayolojia haijaiva vizuri. Sehemu ya pili hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Jumatatu akarudi kwa tete wake. Jumanne Mufaro akaanza kuharisha, maji matupu, mara sita kabla ya adhuhuri. Sikuogopa. Mai Gwatidzo, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, alikwisha kutufundisha sote. Chupa ya sharubati, ile ya mililita mia saba na hamsini, unaijaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kila kijiko ukisawazishe kwa kisu. Nikafanya vivyo hivyo. Mufaro akanywa, akaharisha, akanywa, akaharisha. Jumatano asubuhi bado.

Hapo ndipo nilipopotea. Niliitazama ile chupa, nikajisemea moyoni: sukari ni utamu tu, imewekwa ili mtoto akubali kunywa. Dawa yenyewe ni chumvi. Na nusu kijiko ni nini? Nusu kijiko hakikaushi hata mkanda mmoja wa nyama. Mtoto anatokwa na maji, chumvi ndiyo inayomaliza maji, na Vimbiso ameniletea ushahidi kutoka shuleni. Acha tumbo likauke. Nikatia vijiko vinne, vya kujaa, kutoka kwenye gunia la nyama.

Mufaro alikunja uso akalia. Kisha akanywa. Akataka tena. Alivyokuwa akitaka! Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akilamba midomo, na nikikiondoa anapiga kelele. Nami nikafurahi. Nilisema dawa imemkubali. Kumbe ile ilikuwa kiu, niliyompa mimi, na kila alipoililia nikampa nyingine.

Mchana Mai Gwatidzo alipita akitoka kupima watoto. Akapiga makofi mlangoni kubisha hodi, nikamwitikia.

"Nasikia kijana wetu anaendesha."

"Anaendesha, ila anakunywa, Mai Gwatidzo. Anakunywa kama ndama."

"Vipimo ni vile vile?"

"Vile vile. Umeniona nimezeeka?"

"Wewe? Wewe wa chumvi wewe, ukiachwa utampaka hata mkwe na kumwanika."

Tukacheka. Alinyoosha shingo amwone mtoto, nikamwambia amelala, usimwamshe. Ni kweli alikuwa amelala. Lakini sikutaka auone ule unga mweupe wa chumvi uliotuama ndani ya chupa. Niliona haya kuonekana nimebadilisha fundisho lake, na wakati huo huo nilikuwa na majivuno kwamba nitaliponya tumbo nimshangaze. Ningesema neno moja tu. Siku ile lilikuwa bado lina faida.

Alhamisi ngozi ya tumbo la Mufaro ilikuwa kama unga wa kukandwa, ukiibonyeza inabaki na shimo. Hakupiga makofi alipoona bakuli. Kisha mwili ukakakamaa, macho yakageuka juu. Nikamfunga mgongoni, nikachukua na chupa, nikakimbia. Mto wa kuvuka kwenda kliniki ulikuwa umepungua maji. Siwezi kuulaumu mto.

Kliniki, muuguzi, Sista Mazarura, alimlaza mezani, akaniuliza amekunywa nini. Nikampa chupa kwa mikono miwili, kama mtu mwenye cheti. Alimimina kidogo kiganjani akaonja. Akatema kwenye sinki.

"Mai, hii ni nini?"

"Maji ya sukari na chumvi, sista."

"Chumvi vijiko vingapi?"

"Vinne. Hiyo ni jana. Leo vitano."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimwambia mwenzake apige simu gari la wagonjwa lije, kisha akasema polepole, huku akitafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo: "Huwa tunaonja kwanza, mai. Yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi machozi, unamwaga."

Mufaro hakulisubiri gari. Saa nane mchana mkono wake ulilegea ukajilaza kidoleni mwangu. Niliwahi kukishika kitu cha namna ile. Siku tano tu zilikuwa zimepita.

Vimbiso alipofika alikuta wanawake wameketi chini jikoni, na mdogo wake katikati. Hakuuliza kitu mpaka tulipokwisha kuzika. Aliponiuliza, nikamjibu neno ambalo mama hapaswi kumwambia mtoto wake. Nilimwambia, "Nilifuata somo lako."

Kitabu cha bayolojia kikaingia chini ya kitanda. Shule alikwenda, lakini kile hakukigusa, siku, wiki, mpaka mvua zikaisha. "Mimi ndiye niliyekuonyesha," alisema siku moja tukichota maji. Nikamwambia, "Na mimi ndiye niliyekutuma ukageuze nyama." Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake mzigo. Mwezi wa sita nilikitoa kitabu mwenyewe, nikakifuta vumbi, nikakiweka kwenye begi lake.

Mama, ukisahau kipimo usibahatishe. Ukiona maji ya chupa hayajazuia kuharisha, usiyakoleze. Mchukue mtoto uende kliniki, hata kama unajua kazi gani kwa mikono yako. Na mhudumu akikuuliza mlangoni, mwambie kweli.

Novemba Vimbiso alirudi kutoka kwenye mtihani, akanikuta nimeketi kando ya kamba ya nyama. Akasimama pale na sare yake.

"Swali la nne lilikuwa la kiazi."

"Ukaliruka?"

"Sikuliruka, mai. Niliandika mpaka mwisho."

"Na ile sehemu ya pili?"

"Na sehemu ya pili."

"Niambie."

Akavuta kigoda akaketi, bila kunitazama. "Sisi nasi tumejengwa kwa seli, mai. Chumvi ikizidi kwenye damu, maji yanatoka vyumbani, hata vyumba vya kichwani. Na yale maji ya chupa hayakuwekwa yakaushe tumbo. Kazi yake ni kurudisha maji yanayopotea, mpaka tumbo lipone lenyewe. Mwalimu alinieleza. Ile chumvi kidogo ikifika kwenye utumbo, sukari ndiyo inayoishika mkono na kuipitisha ukutani. Zikipita pamoja, maji yanazifuata."

"Sukari si utamu?"

"Si utamu, mai."

Inzi walikuwa wametua kwenye nyama, wengi, nilikuwa nawaona. Sikuinuka.

"Endelea," nikamwambia.