Isibaki Hata Chembe

Kompyuta ile ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na mama wa watu aliibeba mwenyewe, kifuani, kwa kuwa hakumwamini mwenye mkokoteni. Aliitua juu ya meza ya mdogo wake, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi.

"Dada, hili si la kutengeneza, hili ni la kuzika," Bisibisi alisema. "Nikutafutie laptop, nyepesi, unaitia kwenye mkoba."

"Nataka hii hii. Na mfumo wake ule ule wa zamani."

"Wa nini sasa?"

"Nimeuzoea."

Huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Kompyuta ilikuwa ya mumewe, aliyekwenda kuoa kwingine akaacha dude hilo na kabati bovu. Lakini ndani yake mlikuwa na sauti ya binti yao. Walimwita Kasuku kwa sababu alirudia kila neno alilolisikia. Baba yake alimrekodi alipokuwa anajifunza kusalimu: "Chikamoo mama, chikamoo baba, chikamoo paka." Hakufika hata umri wa kwenda shule, homa ikamchukua. Picha zake zilikuwepo ukutani. Sauti ilibaki humo tu, na mama mtu alikuwa ameanza kuisahau. Maneno aliyakumbuka yote, ila sauti yenyewe ilikuwa inamponyoka siku hadi siku, na hilo lilimtisha kuliko kifo.

Kwa nini hakumwambia ndugu yake? Kwa sababu Bisibisi, kwa ile nia njema ya wanaume wasiojua pa kuweka mikono msiba ukiingia, ndiye aliyegawa nguo za mtoto, akamwambia dada yake kwamba anayetembea akiangalia nyuma hujikwaa. Akiambiwa ukweli angehubiri tena. Heri kunyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walishasema, lakini mwenye haja yake huwa hana masikio ya wahenga.

Bisibisi akafungua ubavu wa kompyuta. Mlikuwa na diski mbili kwenye waya mmoja mpana. "Hii ndogo ni ya mfumo, ndiyo iliyovurugika. Hii kubwa ni ya vitu vyenu. Naichomoa kabisa, naiweka pembeni, kupakia mfumo vitu vikiwa ndani ni kucheza na moto." Akaiweka kwenye rafu, katikati ya misumari na feni mbovu. Dada yake akaitazama ilivyotulia pale, akashusha pumzi.

Mfumo ukakataa kuingia. Uliingia theluthi, ukaganda, kisha skrini ikageuka bluu na maandishi meupe ambayo hata Bisibisi aliyasoma kwa kukisia. Akalaumu memori: akazichomoa, akayasugua meno yake kwa raba ya shule, akazirudisha. Bluu. Akalaumu joto: akatoa kwenye feni mavumbi ya kutosha kujaza mto, akapaka gundi mpya ya kupoza mtambo. Safari hii ulifika nusu, wakapeana mikono, na kompyuta ikajizima kama iliyoona aibu. Akaazima pawa saplai, ile ya kuingiza umeme. Akabadilisha si-di ya mfumo, labda ile ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo. Kila dada yake alipotoka kazini alipitia hapo, akakaa kwenye stuli, akautazama ule mstari ukijijaza polepole huku midomo ikimcheza kwa dua. Na kila mara bluu.

"Ikishindikana?" aliuliza.

"Mganga hajigangi, lakini mimi nagangua vya wenzangu," Bisibisi alijibu, na safari hii hakucheka.

Dada mtu kazi yake ilikuwa usafi wa maofisi. Alifuta sakafu, akafuta vioo, akafuta meza za wakubwa wasiomjua jina. Alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi, kitambaa mkononi, simu ilipoita.

"Dada, nimemkamata mchawi! Ile diski ndogo imeoza. Ndiyo maana inaganda kila mara. Na za aina hiyo hazipatikani tena, nimezunguka mji mzima. Imebaki ile kubwa ya kwenye rafu. Niitumie hiyo?"

"Itumie, si ndiyo yenyewe?"

"Niifute kwanza?"

Dada mtu akaikumbuka diski ile alivyoiona jana, imefunikwa na vumbi la banda lisilofagiliwa. Moyo ulimuuma.

"Ifute, mdogo wangu. Ifute vizuri."

Bisibisi aliuliza: "Una hakika, dada?"

"Hata kuuliza? Isibaki hata chembe."

"Haya," alisema kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, na dada yake akarudi kwenye ngazi akiimba chini chini.

Alipofika bandani kompyuta ilikuwa inawaka. Muziki ule wa zamani wa kuanzia ulipolia, machozi yalimtoka hapo hapo.

"Nifungulie vitu vyetu."

"Vitu gani?"

"Vya diski kubwa."

Bisibisi akamtazama. "Si ulisema niifute? Nimeifuta mwanzo mpaka mwisho, nimepitisha sifuri kila mahali. Hata kurudisha hakuwezekani. Wewe mwenyewe ulisema isibaki hata chembe." Sauti ikaanza kumwisha. "Nilifurahi, dada. Nikajua umekubali kuachilia."

Ubavu wa kompyuta ulikuwa bado wazi. Diski ilikuwa mahali pake, na vumbi mgongoni mwake lilikuwa lile lile la jana, limeguswa na vidole viwili tu vilivyoibeba.

"Vumbi," alisema. "Nilisema ufute vumbi."

Bisibisi akakaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya waya. "Mlikuwa na nini humo?"

Dada yake akafungua mdomo amwonyeshe jinsi mtoto alivyokuwa akisema.

"Chikamoo mama," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ya mtu mzima, imekauka. Akajaribu tena.