Mama Mkwe Nyuma ya Ungo

Simu iliita mara mbili, ikapokelewa, na kwenye kioo akatokea mama mkwe wangu. Yaani, ulitokea ungo. Mama mwenyewe alikuwa nyuma yake.

Lo! Nikageukia ukutani haraka. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Miaka sita nilikuwa mume wa Prudence, na mama yake nilimjua kwa sauti tu, ile ya nyuma ya mlango. Siku hiyo Prudence alikuwa darasani anafundisha, simu kaizima. Nikabaki mimi, dukani kwangu Musoma katikati ya vipuri vya baiskeli, na mteja asiye na subira.

Mteja alikuwa Yunis wa Bunda, anayesaga na kuuza unga wa lishe. Alikuwa ameona picha za ulezi wa mama nilizoweka WhatsApp. Magunia kumi na mawili yalikuwa yamelala Butiama tangu mavuno. Mama alikuwa akipeleka gunia mnadani na kurudi nalo, mpaka akatamka: "Huu nao ukikosa mnunuzi, naacha kulima." Mwanamke aliyelima ulezi tangu usichana wake! Prudence alilia, na mimi roho iliniuma kama mtoto wake wa kumzaa.

Picha hazikumtosha Yunis. "Picha mtu anaibaga kwa mwenzake," alisema. "Nimwone mama mwenyewe, sasa hivi." Basi nikatuunganisha watatu kwa video, jambo ambalo wazee wetu hawakuliwekea mwiko wake.

"Mbona anajificha?" Yunis akauliza. "Huo ulezi una mchanga huo!"

"Hapana, dada. Ananikwepa mimi, mkwe wake."

Yunis akacheka mpaka akakohoa. Kisha biashara ikamrudia. "Haya. Atafune kiganja kimoja, nisikie."

Mkono ukashuka chini ya ungo, ukachota, ukapanda. Tukatega masikio. Mimi nilikuwa nimeukodolea ukuta macho, namwomba Mungu. Mama akatafuna, taratibu, karibu kabisa na simu. Akatafuna tena. Halikulia hata jiwe moja.

"Nauchukua wote," Yunis akasema. "Na huo ungo naupiga picha, nauweka kwenye mifuko yangu. Mama anayemheshimu mkwe hivi hawezi kuniuzia mchanga."

Aliuweka kweli. Leo hata Suguti watu wanaulizia unga wa Mama Ungo, na mama anawajibu wateja kwa kurekodi sauti, moja dakika nne, humo humo anawauliza hali za ng'ombe wao. Mnadani siku hizi anaenda kununua chumvi na kupiga soga.

Lakini siku ile, Yunis alipokata simu, mama hakukata. Nami kwa furaha nikasahau adabu zote, nikaigeukia simu.

"Enos, baba."

"Naam, mama."

"Mwambie Prudence mwakani nalima mpaka lile shamba la mlimani."

"Nitamwambia, mama." Machozi yalikuwa yananitoka, wala sioni haya kusema.

Sauti ikaendelea nyuma ya ungo.

"Na hiyo shati yako, kifungo cha pili kimekatika. Mpe ailete, nikushonee."