Chupa za Maji Kupwa

Miaka saba nimepima maji ya mlango wa mto, na miaka saba nimeandika "salama". Sikumhonga mtu wala kuhongwa. Chupa zangu zilikuwa safi na vipimo sahihi.

Dada yangu ndiye aliyenifumbua macho. Yeye huokota chaza topeni, hatua chache kutoka bomba la maji taka, na kitinda mimba wake alikuwa amelazwa kwa kuhara mara ya pili mwezi ule. Nilipomwambia pale wodini kwamba maji hayana tatizo, akaniuliza boti yetu ya kuchukulia sampuli huenda saa ngapi. Nikamjibu maji yakijaa, maana yakipwa inakwama.

"Basi mnapima bahari iliyokuja kutembea," akasema. "Sisi tunaokota ikishaondoka."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msomi mzima mimi!

Kesho yake maji yalipokupwa nilivua viatu nikamfuata, tope hadi magotini, sanduku la barafu lenye chupa za sampuli kichwani. Majibu yalipotoka, vijidudu vya kinyesi vilikuwa vingi hata havihesabiki.

Mkuu wa maabara aliyasoma akiwa amesimama. Hakubisha, kwa sababu kazi anaijua, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema mwongozo unataka sampuli za boti, hizi za miguu nizimwage, kisha akanisogezea fomu ya kila mwezi niweke sahihi. Nikakataa. Akanikumbusha kwa upole kwamba watu watauliza nani aliweka sahihi miaka yote hiyo.

"Ni wewe," akasema. "Unajichimbia kaburi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Na anayeumwa si mimi wala wewe."

Niliigeuza ile fomu nikaandika nyuma yake, kwa herufi kubwa, kwamba ripoti zangu zote za miaka saba zisiaminiwe, kwamba maji yalipimwa yakiwa yamejaa, na kwamba chaza wa pale wasiliwe. Nikaweka sahihi na jina kamili. Nikaenda kuibandika sokoni, ukutani, nyuma ya meza za wauza chaza. Nilikuwa na hasira na woga pia, maana nilikuwa nawamwagia wauzaji wale unga wao.

Dada aliisoma kwa sauti, pole pole, wasiojua kusoma nao wasikie. Alipofika kwenye jina langu alisema huyo ni mdogo wake. Kisha akabeba chaza wake wote wa siku ile, akawamwaga kwenye pipa la taka, na wenzake wakaanza kumwaga wa kwao mmoja mmoja.

Akajifuta mikono, akaniuliza ofisi ya mkuu wangu iko ghorofa ya ngapi.