Ncha ya Kibanzi

Katika kiwanda kile cha mbao kando ya Mto Esekwibo, kibanzi cha grinihati kikimchoma mtu, kukitoa kulikuwa kazi ya Verlyn, mpishi, na sindano yake. Grinihati ni mti mgumu kupindukia. Ukiutupa majini unazama, na nguzo zake husimama kwenye maji ya chumvi miaka nenda miaka rudi bila mdudu kuzitoboa. Gogo lake hufungwa mnyororo kabla ya kupasuliwa, la sivyo hupasuka lenyewe kwa kishindo. Na kibanzi chake kikibaki mwilini, nyama inaoza.

Verlyn akishakitoa, alikiweka kwenye sahani nyeupe na majeruhi akaitazama ncha mwenyewe. Ikiwa kali, kazi imekwisha. Ikiwa butu, kipande kimebaki ndani. Hakuna aliyeinuka bila kutazama sahani.

Asubuhi ile Mortley, mkuu wa msumeno na mumewe kwa miaka kumi na mmoja, alimwambia afungashe. Mwanamke mwingine, mwenye mimba yake Mortley, angefika na boti ya mchana. Verlyn alikuwa bado anafunga mzigo wake wafanyakazi walipomleta Mortley wamembeba. Mnyororo ulilegea, gogo likapasuka, kibanzi kikazama pajani.

"Haya, chimba," alisema Mortley. "Angalau uondoke umefanya kitu kimoja cha maana."

Wenzake wakacheka. Verlyn akachimba. Kilipotoka, akakiweka kwenye sahani, akaona ncha imekatika. Alikuwa na uchungu wa kutosha kumuua mtu, lakini mkono ulikuwa umeshaichukua sindano tena.

"Tazama sahani kwanza, Mortley."

"Nitazame nini? Miaka kumi na mmoja tumbo lako halijanipa kitu, leo sahani yako ndiyo itanizalia?"

Akaipiga kofi sahani, ikatoka dirishani na kibanzi chake hadi mtoni. Watu wakashika mbavu. Ovid tu, mfunga minyororo, ndiye hakucheka.

"Dada Verlyn, kimetoka chote?"

Verlyn alimtazama mumewe, bado anacheka, meno nje.

"Kimetoka," akasema.

Akalifunga jeraha kwa kitambaa safi, vizuri kuliko siku zote, kisha akapanda boti ileile iliyomleta yule mwanamke mwingine.

Siku ya tisa Ovid alimshusha Mortley kwenye gati la Bartica, mji wa chini mtoni ambako boti ilimfikisha Verlyn, amelala juu ya ubao. Paja lilikuwa jeusi, limevimba, na harufu yake iliwafanya watu wasogee mbali. Mganga wa kule juu kiwandani alishasema mguu haupo tena, na huenda na mwenyewe asiwepo. Verlyn alikuwa palepale akiuza mikate ya muhogo. Mortley akaikamata sketi yake.

"Verlyn. Kwenye ile sahani kulikuwa na nini?"

"Nilikwambia utazame."

Akaibandua mikono yake, kidole kimoja kimoja, akarudi kwa mteja aliyekuwa anasubiri mkate.